Sauti Zilianzia Kisiginoni

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Barua hii anakuletea konda wa treni ya Ijumaa, yule mwenye mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Usimcheleweshe kwa maswali. Akikaa anavua kiatu, akivua kiatu hatavaa tena mpaka kesho.

Shangazi yako ametoka hospitali juzi. Nimemleta hapa nyumbani, nimempa chumba chako cha zamani, kile chenye dirisha linalotazama reli. Mimi nimehamia karakana, nalala nyuma ya rafu ya kalibu za kushonea viatu. Usinionee huruma. Ile miguu ya mbao haikoromi.

Anatembea kwa kuburuta kidogo. Mkono wa kulia umelegea. Lakini kinywa, mama, ndiyo habari yenyewe. Daktari amesema akili yake ni nzima na maneno yote yamo kichwani, ila kiharusi kimeigusa misuli ya midomo na ulimi. Upande wa kulia wa mdomo umeshuka kama soli iliyobanduka. Akitaka kusema, inatoka "aaa". Halafu anakasirika, halafu analia, halafu anacheka kwa sababu amelia mbele yangu.

Huyu ndiye Bi Kengele! Miaka ishirini na miwili amekuwa akitangaza treni pale stesheni, na akimaliza anazima kipaza sauti na kuendelea kuwasema abiria kwa mdomo mtupu, na bado wanamsikia. Tangu mama yako atutoke, ndiye aliyekuwa akija kila jioni kunigombeza ili nyumba isiwe kimya. Sasa tumekaa wawili, tunausikiliza ukimya pamoja.

Kuna jambo jingine, liweke moyoni. Mkuu wa stesheni ameandika. Anatoa pole, na anasema nafasi ya shangazi yako itamngoja mpaka mwisho wa Mei. Siku hiyo atajaribiwa kwenye kipaza sauti. Akishindwa, watafunga mashine yenye sauti iliyorekodiwa, na yeye ataagwa. Barua hiyo nimeificha chini ya soli, nikamwambia kwamba Mkuu amemsalimu tu. Akijua ana muda mfupi hivyo, atajibana mpaka hata hiyo "aaa" ikatae.

Wewe unasomea mambo haya ya matamshi. Mtaalamu wa hospitali ni mmoja, na zamu yetu kwake ni mara moja kwa mwezi. Nieleze basi, kwa lugha ya mtu aliyeishia darasa la saba: sauti zinakaa wapi? Nikijua kitu kinakaa wapi, naweza kukitafuta.

Ni mimi baba yako,
Fundi


9 Februari

Shikamoo Baba,

Konda alivua kiatu. Nimempokea barua akiwa na soksi moja.

Nimesoma habari za Shangazi mara tatu na nimelia mara moja tu, usiogope. Kwanza nikuonye: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, sijaruhusiwa kutibu hata kasuku. Barua yako nimempa mwalimu wangu. Amekubali kunisimamia, na amesema mazoezi ya hospitali yaendelee vilevile. Haya, sasa sikiliza.

Sauti ni ukoo wenye matawi mawili. Tawi la kwanza ni irabu: a, e, i, o, u. Hewa inatoka mapafuni, inapita kooni, inatoka nje bila kuzuiwa na yeyote. Ulimi unapanda au unashuka, unasogea mbele au nyuma, na midomo inatanda au inaviringa, basi. Sema i: ulimi uko juu, mbele, midomo imetanda kama ya mtu anayepigwa picha. Sema u: ulimi umepanda kwa nyuma, midomo imeviringa. Sema a: ulimi umelala chini, mlango uko wazi. Ndiyo maana Shangazi anaipata a. Haimdai kazi kubwa.

Tawi la pili ni konsonanti. Hapo hewa inazuiwa njiani, na kila moja unaweza kuiuliza: wapi, vipi, na je, koo linatetemeka?

Wapi: p, b na m ziko midomoni. F na v ni meno ya juu na mdomo wa chini. T, d, n, s, z, l na r ziko kwenye ufizi, nyuma tu ya meno ya juu. Ch, j na ny zinapanda kwenye kaakaa, lile paa gumu la kinywa. K, g, gh na ng' ziko nyuma kabisa, pale kaakaa linapokuwa laini.

Vipi: ukisema p, hewa inabanwa yote halafu inaachiwa kwa ghafla. Hicho ni kipasuo. Ukisema s, inapita kwa kukwaruza, ni kikwamizo. M inapanda puani, ndiyo nazali. Bana pua useme m uone itakavyokwama. L inapita pembeni mwa ulimi, ni kitambaza. Kwa r, ncha ya ulimi inapigapiga ufizi, ndiyo kimadende.

Na koo: weka kidole hapo penye kifundo, sema sss, halafu zzz. Umesikia nyuki? Mahali ni palepale, ila z ina mtetemo na s haina. Hivyo hivyo kwa k na g, p na b, t na d.

Tafuta kioo. Ning'iniza uzi mbele ya mdomo useme pa, uone unavyoruka. Na tafadhali, Baba, usiniandikie unavyofikiri. Niandikie anachofanya, hata kama ni cha kijinga. Simu acha kwanza, maana ukipiga unapiga na kelele, sisikii kitu.

Mbishi wako


24 Februari

Mwanangu,

Nimeelewa! Nimechora kinywa kizima kwenye boksi la viatu na kukitundika ukutani. Unajua nimegundua nini? Kinywa ni kiatu. Midomo ni ncha, ufizi ni pale vidole vinapokunjika, kaakaa ni ule upinde wa katikati, na huko nyuma kwenye k na g ndiko kisigino. Hata ulimi upo. Nimekaa na viatu miaka arobaini bila kujua kwamba navishona vinywa.

Mazoezi nafanya mwenyewe kwanza ili nisimfundishe nisichokijua. Juzi nilikuwa mbele ya kioo, uzi umening'inia puani, akaingia mwalimu mkuu wa shule ya jirani kuchukua viatu vyake.

"Fundi, hujambo?"

"Pa," nikasema, maana nilikuwa katikati.

"Nimeuliza, hujambo?"

"Ngoja kidogo, mwalimu. Ba."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Fundi, tangu mkeo afariki, kuna mtu anakuja kukutazama?"

"Weka kidole kooni useme zzz."

Nadhani aliogopa kunikatalia. Akaweka. Akasema. Macho yakamtoka. Alikaa nusu saa akijaribu herufi moja moja kama anayeonja chumvi, akaondoka amesahau viatu.

Kwa shangazi yako, hata hivyo, mambo hayaendi. Kiatu huvutwa kwenye kalibu kuanzia ncha, kila fundi anajua hilo, kwa hiyo nimeanza na midomo: p, b, m. Asubuhi na jioni, kwa upole. Naibana midomo yake kwa vidole viwili ili ikutane, namwambia, sema pa. Hewa inavuja upande wa kulia. Uzi hautikisiki. Jana alinipiga kofi la mkono wa kushoto, na lina nguvu.

Umesema niandike hata ya kijinga, basi naandika. Badala ya pa ananitolea milio ya pikipiki inayokataa kuwaka. "Kkk. Ggg." Chai ikiwa ya moto anasema "kha!" Nikimwondolea blanketi asubuhi anasema "ng'aa." Nimemkataza. Nimemwambia aache kukoroma akiwa macho, atazoea vibaya. Jana nimemkataza mara tisa.

Nina wasiwasi, mama. Mwezi unakwisha na sijapata hata herufi moja. Ukimwandikia, usimgusie habari ya Mei.

Baba yako


(Ndani ya bahasha hiyohiyo, kipande cha karatasi ya sukari, herufi kubwa zilizolala upande)

BINTI YA KAKA YANGU, NAANDIKA KWA MKONO WA KUSHOTO KWA HIYO SOMA KWA SUBIRA. MWAMBIE BABA YAKO AACHE KUNIBANA MIDOMO KAMA ANAUNGANISHA SOLI. VIDOLE VYAKE VINA GUNDI. BARUA YA MKUU NIMEISOMA, IKO CHINI YA SOLI NYEUSI. USIMWAMBIE KWAMBA NAJUA. ANAJIVUNIA SANA ALIVYOIFICHA.


2 Machi

Shikamoo Baba,

Nimesoma barua yako darasani, kwa sauti, na mwalimu wangu amepiga meza mpaka chaki zikaanguka. Baba! Hajakoroma! Hiyo "kkk" ni k. Hiyo "ggg" ni g. "Kha" ya chai ni konsonanti na irabu zimeshikana mikono. Na "ng'aa" ya blanketi, nakuapia, wapo wanafunzi wenzangu ambao ng' yao si safi hivyo.

Una herufi tatu, Baba, na umezikataza mara tisa kwa siku.

Si kosa lako. Kiatu huanzia ncha, sawa, lakini kinywa chake kimeumia ncha. Midomo ndiyo iliyolegea. Nyuma kuna uhai, na ndiko alikokuwa anakuita wiki tatu nzima. Mwalimu anasema: anza pale ambapo sauti tayari ipo, halafu uisogeze mbele pole pole. Kutoka kwenye kaakaa laini uje kwenye gumu, uje kwenye ufizi, midomo iwe ya mwisho.

Geuza boksi lako. Anzia kisigino.

Na unawe mikono kabla ya kumgusa. Usiniulize nimejuaje.

Mbishi wako


20 Machi

Mwanangu,

Amesema.

Ngoja nieleze kwa mpangilio. Siku niliyopata barua yako nililigeuza boksi, nikakaa mbele ya shangazi yako nikamwambia, "Nisamehe. Nilikuwa nakuvuta kwa mbele na wewe uko nyuma." Akanitazama kwa jicho la "nani amekwambia?"

Tukaanza na k peke yake, kama kikohozi cha adabu. Kisha tukaifungia na ile a yake. Ka. Siku nne, ka tu. Wateja wakija wananikuta nasema ka, wanasema "haya, fundi," wanaweka viatu wanakwenda. Siku ya tano nilikuwa chini ya meza natafuta msumari, nikasikia nyuma yangu:

"Kaka."

Nilijigonga kichwa. Mama, miaka hamsini na mitano huyu mdogo wangu ananiita hivyo, na sijawahi kuitika kwa haraka namna ile.

"Naam!"

Amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mzuri. Akameza mate. Akajipanga kama mtu anayetaka kuruka mfereji.

"Kaka," akasema. "Koga."

Nilikuwa siku ya pili na ngozi mbichi na gundi. Kweli nilikuwa nanuka. Lakini katika maneno yote aliyoyakosa tangu Januari! Nikaenda kuoga huku nalia na kucheka, sabuni ikaniingia machoni, nikashukuru kupata kisingizio. Nilipotoka alinikagua mabega, akatikisa kichwa kwamba inatosha.

Sasa hanyamazi. Ana k, g, ng', na irabu zake zimerudi zote isipokuwa u, ambayo bado inamwagikia upande mmoja. Kwa herufi hizo chache ananitawala nyumba nzima.

Wiki hii tumeanza kusogea kwenye ufizi. T, d, n. Na s.

Hapo kwenye s nikuambie kitu. Mama yako alikuwa na mwanya, unaukumbuka, na s yake ilikuwa na mluzi mdogo mwishoni. Akitaka kuniambia jambo alianza na "sikiliza," na mimi nilisikia mluzi kabla ya neno. Miaka hii miwili nimekuwa nikiitafuta sauti yake kichwani, napata uso wake tu, midomo inakwenda bila kusikika. Juzi nilikuwa namwonyesha shangazi yako jinsi hewa inavyokwaruza. Nikasogeza ulimi mbele kidogo kupita ulivyoelekeza, hewa ikapata upenyo pale jino langu lilipong'oka, ikatoka. Ileile.

Shangazi yako aliinua uso. Nikairudia mara tatu.

Halafu tukaendelea na z.

Baba yako


3 Mei

Kwa binti ya kaka yangu,

Naandika mwenyewe tena. Herufi zimenyooka kidogo, umeziona? Imenichukua siku mbili. Baba yako amekwenda kupeleka viatu, kwa hiyo nina nafasi ya kusema ukweli.

Midomo imerudi. Si yote, bado nikinywa maji natoa sadaka kwenye kifua cha gauni, lakini p na b na m ninazo. Siku nilipopata m, baba yako alileta mteja aje anisikilize nikisema "mimi". Mteja alikuja kwa ajili ya kisigino, masikini, akasimama akapiga makofi.

Ninazo zote sasa isipokuwa moja. R.

Ulimi hautaki kupigapiga. Nikiutuma juu unajilaza, hewa inapita pembeni, inatoka l. Nimejaribu kwa kioo, nimejaribu kwa kuimba, nimejaribu kwa hasira. Ingekuwa mimi ni mpishi nisingejali. Lakini hebu itazame kazi yangu. Abiria. Treni. Safari. Reli. Saa nne na robo. Tafadhali subiri. Nani alikaa chini akaijaza stesheni herufi moja namna hii? Mwuza samaki angepita mwaka mzima bila kuihitaji.

Zimebaki wiki nne. Baba yako anajua siku ile na anajifanya haijui, na mimi najua na najifanya sijui, tunapishana ukumbini kama wezi wawili. Wewe ndiye msomi. Nipe r.

Shangazi yako


9 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nimeishika kalamu na kuiweka mara nyingi. Nilitaka kukuandikia kitu kitamu. Mwalimu wangu akaniambia, mgonjwa anayekuuliza swali la kweli amekuheshimu, nawe mheshimu.

R ndiyo sauti yenye kazi ngumu kuliko zote ulizozitaja. Watoto wengi huipata mwisho, wakiwa wameshajua kubishana. Ulimi lazima ukaze na ulegee kwa wakati mmoja, na misuli yako bado inajifunza kukaza tu. Inaweza kuja. Inaweza kuja baada ya miezi sita, au mwaka. Kufikia mwisho wa Mei, Shangazi, haitakuja. Ukiilazimisha, utauchosha ulimi na hata zile ulizozipata zitayumba.

Sina r ya kukupa. Ningekuwa nayo ya ziada ningeitia kwenye bahasha hii.

Usinichukie.

Mbishi


18 Mei

Mwanangu,

Sijui umemwandikia nini shangazi yako. Alisoma barua yako, akaingia chumbani, hakutoka mpaka siku ya pili. Tangu hapo hataki mazoezi ya r. Nikimwambia tujaribu, anasema "bado," na anageuka.

Anakaa dirishani na daftari. Anaandika kwa mkono wa kushoto, anakata, anaandika, anakata. Treni ikipita anaitazama mpaka iishe, kisha anakata tena. Nikisogea analifunika kwa kiwiko. Nilimwuliza, "Unaandika wosia?" Akasema, "Na jina lako halimo."

Amenichekesha, lakini moyo unaniuma. Nadhani amekata tamaa na anaficha. Nafikiria kumwambia habari ya barua ya Mkuu asubuhi ya siku yenyewe, si kabla. Suti yangu ya harusi nimeitoa nje ipate hewa. Angalau mmoja wetu aonekane kama mtu.

Baba yako


1 Juni

Binti ya kaka yangu,

Anayeandika ni baba yako, anayesema ni mimi. Akiongeza maneno yake, nimemwambia ayatie kwenye mabano, ujue ni ya mdandiaji. (Sitaongeza. Ila ujue kwamba r zote humu ni zangu, yeye anazipitishia pembeni. Baba.) Ameshaanza.

Jana asubuhi aliniamsha na suti ya harusi mwilini. Haifungi. Akasimama katikati ya chumba, akatoa karatasi mfukoni, akakohoa. "Mdogo wangu, kuna jambo nimekuficha."

Nikamwambia, "Lile la chini ya soli nyeusi?"

Akakaa kitandani. (Nilikaa kwa sababu ya suruali.) Tukacheka mpaka nikaogopa midomo itarudi upande.

Stesheni walikuwa wamejipanga kama mahakama. Mkuu wa stesheni, katibu wake, na fundi wa ile mashine, amekuja nayo kabisa, iko kwenye boksi mlangoni. Treni ya saa nne na robo inangoja. Mkuu akanipa karatasi yake, "Abiria wote wa treni ya saa nne na robo mnaarifiwa," sikusoma zaidi. Ilikuwa imejaa ile herufi kama mchele wenye mawe. Na kwa kuwa ni mtu wa haki, akasema ataanza yeye ili nione mwendo unaotakiwa. Akaisoma yote kwenye kipaza sauti. Nikachungulia dirishani. Hakuna aliyeinua hata kikapu.

Sasa nikuambie nilichokuwa nafanya na daftari, maana baba yako alishanizika. Siku uliyoniandikia nilikuchukia. Siku ya pili nikakushukuru. Ungenipa matumaini ningemaliza Mei yote nikiupigapiga ulimi wangu mbele ya kioo. Ulivyosema haitakuja, nikasema vizuri, basi asiyekuja asisubiriwe. Nikaandika kila tangazo nililowahi kutoa maisha yangu, na kila neno lenye r nikalikata, nikatafuta jirani yake anayeweza kufanya kazi hiyohiyo. Kila neno lina jirani, mwanangu, ukibisha hodi.

Nikaiweka karatasi ya Mkuu chini. Nikashika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto.

"Ndugu zangu, saa nne imepita. Mnaokwenda, njooni upande wa pili. Wenye watoto, washikeni mikono. Wenye mizigo, anzeni sasa. Na wewe mwenye kofia, chai hiyo utaikuta ukiludi" (hapa ilinitoroka moja, nilisahau) "simama. Tunaondoka bila kungoja mtu."

Nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu Januari. Viatu. (Vilikuwa kama mia mbili. Niliwatazama visigino. Baba.) Wote kwa mara moja, na mwenye kofia mbele yao.

Mkuu bado alikuwa ameshika miwani, anatafuta mstari. "Lakini, Bi Kengele, hukusoma nilichoandika."

"Umekisoma wewe," nikamwambia. "Kimemwondoa nani?"

Katibu wake akaingia chini ya meza kuokota kalamu ambayo haikuanguka.

Sasa, nisikudanganye, sikupata yote. Mashine walishaiagiza na hairudishiki, na mimi mwenyewe kufikia alasiri ulimi unachoka, maneno yanaanza kulala. Tumekubaliana: asubuhi ni yangu, jioni ni ya mashine. Fundi wake aliifunga palepale na kuijaribu. Ina sauti nzuri ya msichana aliyeshiba. Inatamka r kama ngoma. Ilitangaza treni ya jioni na watu wakaendelea kukaa, mpaka konda akashuka kuwaita mmoja mmoja.

Nilipokuwa natoka, bibi mmoja anayepanda kila wiki alinisimamisha penye dirisha la tiketi. "Ni wewe kweli?"

"Ni mimi."

"Mbona umekuwa mpole hivyo?"

"Ngoja nipone," nikamwambia.

Baba yako anataka nikwambie kwamba alilia. (Sikumwambia aseme.) Alilia, na suti ikapasuka mgongoni, akarudi nyumbani kwa kutembea kinyumenyume. Leo ameamka mapema, amefagia karakana, anaimba, na mteja akija anaulizwa kwanza "wapi, vipi, na koo?" kabla ya kuulizwa namba ya kiatu. Mwalimu mkuu wa shule amekuja tena, amemleta na mkewe.

Konda ametuambia likizo yako inaanza tarehe kumi na tano. Najua wewe unapenda kulala, na treni inayoingia huku jioni ina nafasi nyingi. Usiipande. Utapokewa na mashine. Panda ile ya kulala njiani, inayoingia huku asubuhi. Na ikisimama usiwe na haraka ya kushuka kama wengine. Kaa kitini kwanza, fungua dirisha, usikilize. Nina tangazo la mtu mmoja.

Shangazi yako,
Bi Kengele